Tuzo ya Kukata

Basi letu kutoka Ushirombo lilikuwa halijafika hata Kahama, na sote tulishajua kwamba mzee wa kiti cha mbele yangu ni Baba William, na kwamba William amepata tuzo ya kuhariri filamu. Picha ya tuzo nilionyeshwa mara mbili, na sikuwa nimeomba.

"Filamu ya wachimbaji wa Geita," alimweleza mama aliyekaa naye. "Walirekodi saa mia mbili. Mwanangu akajifungia mwaka mzima, akakata, akakata, zikabaki saa moja na nusu."

"Mwaka mzima anakata tu?" Mama aliuliza kwa sauti ya msibani. "Poleni, baba. Januari, fundi wetu wa video pale Kambarage, alirekodi harusi ya binti yangu saa saba, akatuletea saa saba. Mashangazi wote wamo, na vitenge vyao, mpaka mbuzi."

"Ndiyo maana hana tuzo."

"Lakini hana ugomvi na mtu."

Nilikohoa ili nisicheke.

"Na siku ya tuzo alikushukuru?" mama aliuliza.

"Sana! Nilikuwepo ukumbini, akanitaja kwa jina. Ngoja usikie." Alifungua video kwenye simu, wakaitazama mpaka ikaisha. Akairudisha mwanzo, ikaisha tena.

"Hii ya mtandaoni William aliipunguza mwenyewe," alisema taratibu. "Watu siku hizi hawapendi kitu kirefu."

Basi likasimama Kambarage. Mama akainua kapu lake.

"Januari asingekukata, baba," alisema, akashuka.