Taralli za Bi Thuraya na Chupa ya Kabatini

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Kaeni vizuri, mmiminiane kahawa. Leo tunamkumbuka Bi Thuraya wa Ibra, hapa Omani, aliyetutoka mwezi huu. Mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Ibra, mpishi wa taralli. Na mlango wa jiko lake ulikuwa haufunguliwi anapokanda unga. Mlango huo msiusahau.

Taralli ni vijiduara vya unga vya Kitaliana. Hutiwa mafuta ya zeituni na shamari, huchemshwa kidogo, kisha huokwa mpaka vikauke. Ukitafuna, hata jirani anasikia. Binti yake, Shatha, alisoma Bari, kusini mwa Italia. Bi Thuraya alipokwenda kumtazama, akajifunza jikoni kwa mama mwenye nyumba aliyopanga Shatha. Aliporudi Ibra akawa anampelekea jirani yake Kaltham, sahani kwa sahani. Kaltham naye akirudisha sahani na halua, maana sahani ya jirani hairudi tupu.

Basi siku moja Kaltham akaona kwenye simu kwamba Wataliana hukandia taralli kwa mvinyo. Mvinyo, wasikilizaji. Akakumbuka kabati la Bi Thuraya. Mle ndani mlikuwa na chupa isiyo na karatasi, ina maji meusi. Akaukumbuka na mlango. Kwa nini mtu akande unga kajifungia?

Nami nasema kweli, mimi si mtu wa kuamini upesi. Ningelikuwa mimi, ningelishuku vilevile. Wenyewe husema lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Kaltham hakuuliza. Sahani aliendelea kuzirudisha na halua, lakini taralli akiwapa kuku. "Nliona haya," ameniambia. "Mtu mzima yule, swala tano. Ntamwambiaje, shoga, unanlisha haramu?"

Je, Bi Thuraya alijua? Shatha anasema alijua. Aliwaona kuku. "Mama aliumia sana," anasema. "Akanambia, 'Na aniulize mwenyewe. Umri wote huu nala kwake, sijamuuliza nyama kachinja nani.'"

Hakuulizwa. Akafa hakuulizwa.

Siku ya azaa, ya kuwapa pole wafiwa, wanawake walijaa. Shatha akaleta kahawa, tende, na taralli alizozipika mwenyewe kwa chupa ile ile. Tende zikaliwa. Taralli hazikuguswa. Habari ilikuwa imekwishatembea mtaa mzima.

Shatha akamshika Kaltham mkono, akamwingiza jikoni, akaifungua chupa. "Onja, khala," akamwambia, kama anavyoitwa mama mdogo.

Kaltham akanusa kwanza. Akanusa tena. Ndipo akaonja. Yalikuwa maji ya ndimu kavu zilizorowekwa, hizi hizi tunazotia kwenye mchuzi. Bi Thuraya aliweka ndimu mahali pa mvinyo. Na mlango je? Bibi yake wa Unguja alimfundisha kuwa unga ukiingiwa na jicho la mtu hauwi mkavu. Alikuwa akiogopa kijicho tu.

"Mbona hakunambia?" Kaltham akalia.

"Mbona hukumuuliza, khala?"

Kwa Shatha na jamaa wote, tunakupeni pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Thuraya. Na wewe unayesikiliza, kama kuna jirani unayemtilia shaka, kamuulize angali akikusikia.

Siku ile Kaltham aliondoka na sahani ya taralli. Alizila zote, peke yake. Sahani ameiosha na kuitia halua. Anasema kila akifika mlangoni na sahani hiyo, hurudi nayo ndani, maana wa kuipokea hayupo.