Gélase Nduwayo, Aliyewapokea Mbwa Waliorudishwa

Ndugu, jamaa na majirani mliokaa nasi tangu Jumatano, familia inawashukuru. Tumechoka, na mnatuona. Wasifu huu umeandikwa na shemeji wa marehemu, Rozalia, kwa kuwa mjane, Honorata, alisema yeye akianza hatamaliza. Yote yaliyomo ameyasikia na kuyaruhusu mwenyewe, hata lile ambalo wengine wangelifunika.

Marehemu Gélase Nduwayo alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951 huko Nyanza-Lac, Burundi, mtoto wa nne wa mvuvi Nshimirimana na mkewe Manariyo. Alisoma shule ya misheni hapo hapo hadi darasa la sita, akatoka na mwandiko mzuri kuliko wa walimu wake. Mwandiko huo ndio mali pekee aliyovuka nayo mwezi Mei 1972, alipokimbia kwa mtumbwi na kushukia Mwamgongo, upande wa Tanzania. Safari ile hakuisimulia kamwe, na aliyemdadisi sana alikabidhiwa ndoo akachote maji.

Alibeba mizigo bandarini Kibirizi kwa miaka sita. Mwaka 1978 akapata kazi ya kutunza nyumba na bustani ya wageni kutoka Ulaya, mjini Kigoma. Tarehe 17 Februari 1979 alimwoa Honorata, Mha wa Ilagala. Wazee wa Ilagala walikunja nyuso wakisema binti yao anachukuliwa na mtu asiye na kwao. Honorata akawajibu, “Basi kwao patakuwa kwangu,” na mambo yakaishia hapo. Walijenga Ujiji, wakajaliwa watoto watatu: Scola, Bariki na Kaneza.

Mbwa waliingia nyumbani mwaka 1994, wakati wakimbizi walipokuwa wakimiminika na mji ukajaa magari ya mashirika. Muuguzi mmoja wa kigeni alimwachia Gélase mbwa wake jike, wa rangi ya asali, amtunzie wiki mbili. Wiki mbili hizo hazijaisha hadi leo. Kumbe jike yule alikuwa ameshapandwa na mbwa wa jirani wa yule muuguzi, fundi wa visima, dume lenye manyoya ya kujisokota. Wakazaliwa watoto saba ambao Ujiji haijapata kuona wa namna ile, na watu wakawaita kondoo wa Gélase.

Kuanzia hapo familia nzima ikawa wafugaji. Scola alipika uji, Bariki alichambua mchanga kwenye dagaa, na Honorata alilala na mtoto wa mbwa kifuani pale mama alipokosa maziwa, huku akilalamika. Gélase aliweka masharti yake, na hakuyalegeza kwa mkubwa wala mdogo. Jike hakuzaa kabla ya kutimiza miaka miwili, na akishazaa alipumzishwa mwaka. Mtoto hakutoka nyumbani kabla ya siku sitini, wala bila chanjo ya kichaa cha mbwa kutoka kwa bwana mifugo. Mnunuzi alitembelewa kwake kwanza, akaulizwa, “Usipokuwepo, nani atampa maji?” Aliyejikuna kichwa hakuuziwa. Waliotaka mbwa mkali aliwaambia wazi kwamba hawa wakimwona mwizi watamwonyesha njia.

Sharti la mwisho ndilo lililoichosha nyumba hii. Kila mnunuzi aliandikiwa karatasi kwa ule mwandiko mzuri: mbwa huyu akikushinda, wakati wowote, mrudishe kwangu, usimtupe.

Kufuga mbwa Ujiji, katikati ya majirani Waislamu, kunataka adabu, na Gélase alikuwa nayo. Alijenga uzio mrefu na kufungua mlango upande wa shambani, ili mbwa wasikatize njia ya msikitini. Hata hivyo Ijumaa moja mtoto wa mbwa alipenya, akamrukia Mzee Mwinshehe, jirani yetu, na kuilamba kanzu yake akiwa njiani kwenda kuswali. Gélase hakutoa udhuru. Aliiomba kanzu, akaulizia utaratibu, akaiosha mara saba, na mara ya kwanza kwa udongo. Ila udongo aliochota ulikuwa ule mwekundu wa kusiriba nyumba, na kanzu ikatoka na rangi ya tofali. Mzee Mwinshehe aliigeuza huku na huku, kisha akasema, “Tohara imepatikana, bwana. Kanzu ndiyo imepotea.”

Mwaka 1997, Warundi walioishi nje ya kambi walipoamriwa kwenda kambini, Gélase naye alipandishwa lori pamoja na waliokuja juzi, ijapokuwa alikuwa amekaa nchini miaka ishirini na mitano. Alikaa kambini, upande wa Kasulu, miezi minne. Aliyemtoa ni Mzee Mwinshehe. Alikwenda ofisini mara tatu kumtolea ushahidi, na alipoulizwa anamjuaje mtu huyu, akawapelekea ile kanzu.

Katika miezi ile minne Honorata alibaki na watoto na mbwa tisa. Hapa ndipo penye jambo ambalo ameagiza lisomwe. Siku moja dereva wa shirika, ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha, alifika na mbwa jike na ile karatasi mkononi. Uji wa mbwa na uji wa watoto ulikuwa unatoka kwenye sufuria moja, na mafiga yalikuwa yamepoa tangu jana yake. Honorata alimwambia, “Aliyeandika hayupo. Mtafute kambini.” Akafunga mlango. Dereva alimwacha mbwa Kibirizi, kwenye vichanja vya dagaa, na wachuuzi wakampiga kwa kuwala dagaa wao. Alikufa siku ya tatu.

Gélase aliporudi, Honorata hakumwambia. Mbwa nao walizidi kurudishwa, maana mikataba ya watu iliendelea kwisha. Mwaka 1998 walirudi watano katika mwezi mmoja. Mabati yaliyonunuliwa kuezekea vyumba viwili vya nyuma yakauzwa, na vyumba hivyo vina nyasi hadi leo, kama mlivyoona. Honorata alimwambia mbele ya Rozalia, “Baba Scola, neno lako hili linatula sisi.” Akajibu, “Ego, ndiyo, linatula,” akainuka kwenda Kibirizi kutafuta dagaa waliovunjika. Walinuniana wiki nzima. Rozalia alikuwa upande wa dada yake, na hajutii.

Mwishoni mwa mwaka 1999 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, na pumzi ikawa fupi. Hospitalini tuliambiwa moyo umechoka. Alilazwa mara tatu, na kila mara alirudi mwepesi zaidi. Kuanzia Juni hakutoka kitandani, na Honorata alimgeuza, akamwosha na kumlisha, kisha akatoka nje kuwalisha mbwa. Tulimwona akisinzia amesimama, kata mkononi.

Mwezi Julai Honorata alishindwa kuendelea kulibeba jambo lile peke yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza habari za dereva na yule mbwa wa Kibirizi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Marehemu alimsikiliza akiwa amefumba macho.

“Nilijua,” akasema. “Wachuuzi waliniambia wiki niliyotoka kambini.”

“Ukanyamaza miaka mitatu?”

“Ulikuwa umechoka, Mama Scola. Na mimi ndiye niliyekuachia.”

Honorata anasema angalau angemgombeza. Kusamehewa bila kugombezwa kumemkaa kooni, na pale kitandani aliapa kwamba Gélase akifumba macho, karatasi zile nazo zimekufa, kwa kuwa hana nguvu za kufunga mlango mara ya pili wala za kuuacha wazi. Marehemu alimwomba maji.

Gélase Nduwayo alifariki nyumbani kwake Ujiji, Jumatano tarehe 9 Agosti 2000, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Jana alasiri, msiba ukiwa umejaa, mwanamume mmoja alishuka kwenye lori la Kasulu akiwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa mmoja wa kondoo wa Gélase, aliyeanza kuzeeka, jicho moja limeingia ukungu. Hakuwa na habari za kifo. Alipoona watu na turubai alirudi nyuma, na vijana wakaanza kumfukuza kwa heshima. Mjane, kama mjuavyo, haondoki kwenye mkeka wake kabla ya maziko, na wanawake waliomzunguka walimshika kanga asiinuke. Aliinuka. Alipita katikati ya waombolezaji bila viatu, akasimama mbele ya yule mgeni, ambaye alikuwa akihangaika mifukoni kutafuta karatasi.

“Acha karatasi,” Honorata akamwambia. “Anaitwa nani?”

Akaichukua kamba, akampeleka nyuma ya nyumba, akampa maji. Kisha akarudi kukaa mkekani.

Marehemu ameacha mjane, Honorata. Watoto watatu, Scola, Bariki na Kaneza. Mjukuu mmoja, Ella. Shemeji aliyekuwa akimgombeza. Jirani, Mzee Mwinshehe, aliyeshika jembe kaburini tangu alfajiri. Na mbwa saba. Tangu jana, wanane.

Mungu ampokee, na ampe pumziko ambalo hapa kwetu hakulipata.