Mchanga Ndio Uliokonda

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama na ndugu wote wa chama chetu cha kuzikana, nawasalimu. Mwenyekiti kaniomba maneno machache, nami maneno machache siyajui, mnanifahamu. Mimi ni mtoto wa Temeke hii hii. Nilisoma kwa kibatari, sikusomeshwa na mjomba wala tajiri, nikavuka ziwa mpaka Uganda na kurudi na diploma ya ualimu yenye muhuri mwekundu. Katika mtaa wetu, wa kwanza kupata diploma ni mimi, na wa pili bado tunamngoja. Lakini leo sikusimama kuwasomea diploma. Nataka kuwaeleza jinsi mabega yangu yalivyoniaibisha.

Wengi wenu mlikuwepo. Sikuwa nimemaliza mwezi tangu nirudi, baba yangu mdogo akafariki. Ada yetu mnaijua: jeneza hupokezanwa, mtu anabeba hatua chache kisha anampisha mwenzake. Mimi nikasema huyu ni baba yangu, sitoki begani mpaka kaburini. Ndugu zangu, nawaambia, hatukufika hata dukani pale pembeni. Goti likalegea, jeneza likainama, watu wakapiga kelele. Mzee mmoja akanisukuma kwa kiwiko: "Toka, Mwalimu, utamuua mara ya pili!"

Nyumbani mama yangu akaniuliza, "Mwanangu, siku yangu ikifika, nani atanibeba? Ile karatasi?" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Mimi ndiye mwanawe pekee. Swali lile lilinikaa kifuani kama mwiba.

Basi nikaamua kujenga mwili, tena peke yangu. Mwenye diploma amwulize nani? Nilikuwa na kijitabu nilichonunua huko Uganda, chenye picha za mzungu mwenye mikono kama magogo. Nikatafuta bomba la chuma, nikaning'iniza debe huku na debe huku, nikajaza mchanga nusu nusu. Ilikuwa masika, mchanga niliuchota bondeni ukiwa umelowa. Nikafunga mlango na dirisha nisionekane. Siku ya kwanza nilinyanyua kwa mgongo na kukaa siku nne siwezi kufunga kamba za viatu. Shuleni nikasema nina homa. Nisameheni, nilidanganya.

Nikaendelea kunyanyua, nimesimama papo hapo kama kinu. Mvua zikaisha, jua likawaka, na mimi nikaona debe zinakuwa nyepesi wiki hadi wiki. Nikajitazama kwenye kioo. Nikajiambia, "Mwalimu, umeiva!"

Sasa sikilizeni ujinga wa msomi. Nilikwenda kisimani, mbele ya akina mama, nikamwambia mchota maji mmoja, mtu wa kusini, "Nipe mzegazega wako nikuonyeshe." Mzegazega ule ulikuwa mti wake wa begani, na debe mbili zimejaa pomoni.

"Mwalimu, maji hayasomi vitabu," akaniambia.

"Lete!"

Nikanyanyua, naam, nilinyanyua! Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, maji yakaenda kulia na mimi nikaenda kushoto. Ya tatu nilikuwa chini, kaptura yangu ya kaki imelowa, debe zinabingirika. Mama mmoja akasema, "Haya, leo diploma imefuliwa!" Kicheko chake nakisikia mpaka leo. Naye yumo humu, usijifiche, mama.

Mchota maji hakucheka. Alinishika mkono, akaniuliza najifunzia nini. Nikamweleza.

"Huo mchanga uliuchota lini?"

"Masika."

"Na sasa?"

"Kiangazi."

Hapo ndipo alipocheka. "Basi, ndugu yangu, mchanga ndio uliokonda. Wewe uko vile vile."

Nilitaka kukasirika. Nilifungua mdomo nimwambie mimi ni nani. Kisha nikamkumbuka mama, nikasema, "Nifundishe." Neno hilo lilikuwa zito kuliko debe zote.

Alinifundisha kukunja magoti na kuuacha mgongo wima, kuweka ngata ya kitambaa begani, na kutembea, maana mimi nilifundisha mikono tu, miguu sikuiambia kitu. Tukaanza na robo debe ya maji. Kila Ijumaa kopo moja zaidi, na nikichoka sana, napumzika. Alinionyesha siku tatu, baada ya hapo nikawa peke yangu, kila alfajiri, kisimani na nyumbani. Watu walisema msomi amekosa kazi. Pipa la mama likawa halikauki.

Masika iliyofuata mama akaugua. Gari la hospitali likaishia barabara ya Kilwa, matope hayakuliruhusu kuingia. Tukamlaza kitandani, tukakibeba watu wanne, kila mtu mguu mmoja wa kitanda. Wenzangu walipokezana. Mimi walinigusa mara tatu, "Mwalimu, pisha," nikasema bado. Matope yalifika magotini, kitanda kikayumba, nami nikayumba nacho kama nilivyofundishwa na maji. Sikuteleza. Tulipomfikisha barabarani akafumbua macho, akanishika bega akaliminya kama anayechagua papai.

"Eh," akasema, "kumbe diploma yako iko huku."

Ndugu zangu, mama yangu ndiye yule pale kwenye mkeka, mwenye kanga nyekundu, anayejifanya hasikii. Amepona, na ubwabwa leo amekula sahani mbili.

Nawashukuru nyinyi mliobeba nami. Namshukuru yule mchota maji. Hataki nimtaje, lakini ameketi karibu na mlango na anatazama chini. Najisifu bado, hilo sijapona. Ila kwa mwenye kuanza leo peke yake nasema hivi: anza na kidogo, na ukiona mzigo umekuwa mwepesi, upime kwanza mzigo kabla hujajisifu. Bomba na debe ziko uani kwangu, mlango siufungi tena. Mchanga nimeumwaga. Njooni na maji yenu.