Uji Ndani ya Injini

Waliokuwepo siku ile ni hawa: Mzee Wangwe mwenyewe, kitandani, uso wake umeelekezwa mlangoni; mkewe, Mama Rael, aliyemwegemeza kifuani; Elijah, mwanawe wa kwanza; Machuki, mdogo wake mzee; Stanley, mtoto wa marehemu dada yao wazee hao wawili, aliyesimama ukutani kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi; na nje ya mlango, juu ya kigoda, Filister, mke wa Elijah, akimnyonyesha binti yake Lynnet. Filister hakuingia kwa sababu mkaza mwana haingii chumba anacholala baba mkwe. Mlango uliachwa wazi ili asikie.

Jambo la kwanza Filister aliloligundua ni kwamba mzee alisema Kiswahili. Hapo kwao, nje kidogo ya Kehancha, mambo mazito husemwa kwa Kikuria, na Machuki alimkumbusha hivyo kaka yake. Mzee akajibu kwamba mke wa Elijah ni Mjaluo wa Oyugis, Kikuria chake bado ni cha sokoni, naye hataki mtu wa nyumba yake aje kusimuliwa wosia na majirani. Filister akamwinamia mtoto. Wema ule ulimchoma. Alitamani mzee angesema Kikuria, asielewe.

Maana alijua wangefika wapi. Katika kiangazi cha mwaka ule, 1996, injini ya mashine yao ya kusaga mahindi ilishika joto, pistoni ikakwama, na tangu hapo wanawake wa kijiji kizima walibeba mahindi kichwani hadi mjini. Lawama zilimwangukia Stanley, aliyekuwa akiiendesha. Ilisemwa kwamba alisinzia akaacha maji ya kupozea yakauka. Machuki alikuwa akisema mbele za watu kwamba kijana yule anaweza kuunguza hata maji ya kunywa, na watoto wakaliokota neno hilo, wakawa wanamwimbia njiani. Sasa ilisemekana kwamba mzee atamfukuza katika boma kwa neno lake la mwisho, na neno la mtu anayekufa, pale kwao, halina wa kulitengua.

Filister alijua kuwa Stanley hakusinzia. Kabla ya injini kuharibika alikuwa amemwona akipanda na kushuka mtoni na mitungi ya maji, kwa sababu tangi lililo juu ya injini lilikuwa likivuja. Alimhurumia. Bibi yake kule Oyugis alikuwa mfinyanzi, na chungu kipya kikivuja bibi hupika uji ndani yake, ukaingia katika vitundu na kuviziba. Basi Jumapili moja, wengine wakiwa kanisani, Filister alipika uji mzito, akaingiza mkono tangini, akaupaka kila mahali mkono ulipofika, hadi chini kwenye chuma kinachobeba moto. Kesho yake tangi halikuvuja tena. Alifurahi, akanyamaza kama anyamazavyo mtu aliyeficha zawadi. Kisha injini ikakwama, na kunyamaza kule kukawa kitu kingine. Kila alipotaka kusema alikutana na uso wa mumewe, akamezea.

"Sikilizeni," mzee akaanza, "na mtu asinikatize, pumzi ninayo ya safari moja."

Akagawa. Shamba la juu, la tumbaku, akampa Elijah. La chini, lililo kando ya mto, akasema libaki la Mama Rael mpaka naye afumbe macho. Ng'ombe mweusi mwenye pembe moja asichinjwe kwenye matanga, amewalisha watoto wengi mno. Akafika kwenye ule mpaka wa mkonge ambao yeye na Machuki walikuwa wameugombania tangu ujana, wakafikia hata kutosalimiana. Akamwambia mdogo wake auchukue ukanda wote, kwa kuwa amechoka kuutazama. Machuki aliitazama sakafu, asiinue uso tena kwa muda mrefu.

"Sasa injini. Hii mtaishika kwa mikono, kwa hiyo isikieni vizuri. Nilipokuwa kiwanda cha pamba kule Homa Bay niliona jambo hili kwa macho yangu. Maji hayapozi injini kwa kukaa tu tangini, ni lazima yaguse chuma chenyewe. Maji yetu yana chokaa, na chokaa ikiganda mle ndani inakuwa blanketi: chuma kinaungua, na maji ya juu yake yanabaki vuguvugu tu, unaweza kumwogesha mtoto. Kila mwaka mvua zikianza, jazeni tangi maji ya ndimu, yalale humo, myamwage, halafu ingizeni brashi ya waya, sugueni mpaka muone rangi ya chuma. Wala msikilainishe kama kioo. Kiachieni mikwaruzo midogo midogo, maana maji yakichemka, povu huanzia kwenye mikwaruzo, likaondoka upesi na joto lake. Msipake rangi. Msipake mafuta. Msipake kitu, hata tangi likivuja. Linalovuja lipelekeni kwa mchomeleaji."

Mama Rael akamlowesha midomo kwa kitambaa. Filister alimbana mtoto kifuani hadi Lynnet akaacha titi na kumtazama.

"Niliifungua mwenyewe kabla sijalala hapa," mzee akaendelea. Sauti ilikuwa imeshuka. "Maji yalikuwemo. Nasema yalikuwemo, tele. Stanley hakusinzia. Nilichokuta kwenye chuma ni uji. Umekauka, umeungua, mweusi kama ukoko wa sufuria."

Mama Rael hakugeuka mlangoni. Alishughulika na pindo la blanketi, akilinyoosha mahali palipokwisha kunyooka, na Filister akatambua kwamba mama mkwe alijua na alikuwa akimkinga kwa kutomtazama. Aibu ikampanda kutoka miguuni.

Machuki akauliza ni nani basi aliyeilisha mashine uji.

"Ni mimi, mjomba," Stanley akasema pale ukutani.

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Wewe? Uji wako mwenyewe una madonge, tunakunywa kwa kutafuna. Nyamaza, mwanangu. Umenyamaza vizuri miezi yote hii, malizia hivyo hivyo."

Ndipo Filister alipoelewa kwamba Stanley naye alijua tangu mwanzo, na aliubeba ule wimbo wa watoto akijua aliyestahili kuimbiwa ni nani. Angelaumiwa angeweza kulia. Alikuwa amehurumiwa na watu watatu, na hakupata pa kuuweka uso wake.

"Aliyepaka," mzee akasema, sasa neno moja moja, "aliona mtu anachoka kubeba maji. Asiulizwe jina. Leo asiulizwe, hata nikishaondoka asiulizwe. Ufunguo wa mashine ni wa Stanley. Elijah, mketishe ndugu yako, amesimama tangu asubuhi." Elijah akavuta kiti. Yeye ndiye aliyekuwa ametaka Stanley afukuzwe. "Na brashi ya waya... iko juu ya dirisha. Hiyo simpi mtu. Ataichukua mwenyewe... anayejua."

Akapumzika, macho yamefumbwa, wakadhani amelala. Kisha akawabariki: wapate kula na kushiba, mlango wao usifungwe kwa aliyelowa mvua, watoto wa Filister wawe wengi na wawe na moyo wa mama yao. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo sana, lakini lilifika mlangoni.

Mzee Wangwe alizikwa Jumamosi iliyofuata. Mvua zilipoanza, injini ikiwa imekwisha kutengenezwa, Filister alimkabidhi Mama Rael mtoto, akaichukua brashi juu ya dirisha, na mbele ya Elijah, Machuki na wanawake waliopanga foleni na mahindi yao, akaingiza mkono tangini mpaka begani akaanza kusugua. Stanley alimshikia ndoo ya maji ya ndimu. Kazi hiyo imekuwa yake tangu mwaka ule.