Bi Anzia na Riwaya Thelathini na Tatu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Bi Anzia atakabidhi funguo za kaunta ya kuazimisha vitabu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake halisi limo kwenye faili. Hakuna anayelitumia, na wiki iliyopita mhasibu aliirudisha barua yake ya kuagwa akidhani ni ya mtu mwingine.

Jina la utani lilitokana na swali. Maktaba yetu ina rafu nzima ya riwaya thelathini na tatu za mtunzi mmoja wa vichekesho vya kichawi: majoka yenye pumu, majini walioajiriwa ofisini na kunyimwa likizo, mfalme aliyegeuzwa kiti na bado akaendelea kuongoza vikao. Kila wiki msomaji mpya husimama mbele ya rafu hiyo, hukuna kichwa, kisha huja kaunta kuuliza aanzie wapi. Watu wenye akili zao timamu hudhani jibu ni kitabu cha kwanza. Bi Anzia hakuwahi kumpa msomaji yeyote wa kaunta cha kwanza. Alikiweka kwenye droo pamoja na gundi na mikasi, kwa maelezo kwamba mtunzi alikiandika kabla hajajua kuchekesha, na mzaha wa kwanza uko ukurasa wa tisini na mbili.

Badala yake alimkalisha msomaji kwenye kiti cha mbao na kumuuliza mambo matatu: anafanya kazi gani, nini kilimuudhi juma lililopita, na nyumbani anakula na nani. Kisha aliinuka, akaenda rafuni bila kusita. Nesi aliyechoshwa na msimamizi wake alipewa cha saba, kile cha jini wa ofisini. Siku tatu baadaye alirudi akitaka vyote vilivyobaki kwa mpigo. Dereva wa lori aliyegombana na shemeji yake alipewa cha kumi na nne. Tunasikia shemeji naye amekisoma.

Mkuu wa maktaba aliwahi kuagiza mwongozo wa wapi pa kuanzia ubandikwe ukutani, ili foleni ipungue. Bi Anzia hakubisha. Aliandika, akabandika. Ulikuwa na neno moja: Uliza.

Mwaka fulani alipokwenda likizo, kaunta niliikalia mimi, ambaye kazi yangu ni kuorodhesha vitabu wala si kushauri watu. Nikitafuta gundi nilikiona cha kwanza drooni, nikampa mwalimu mmoja aliyeuliza, kwa kuwa moja hutangulia mbili. Mwalimu yule hajaonekana tena. Bi Anzia aliporudi hakufoka. Ila kwa wiki mbili chai nilijimiminia mwenyewe.

Baadaye ndipo nikajua nilimtonesha wapi. Mumewe ni fundi saa. Enzi za uchumba, Bi Anzia alimpa kitabu hichohicho cha kwanza. Fundi alifika ukurasa wa arobaini, akakirudisha kwa adabu, akasema kina karatasi nzuri. Hakugusa kingine. Tangu hapo Bi Anzia amekuwa akicheka peke yake sebuleni, mume akiuliza kuna nini, naye akijibu si kitu. Mwezi Machi alituambia waziwazi kwamba kustaafu kunamtia hofu: watakaa wawili mchana kutwa, na hana hakika kama wana jambo la kuchekea pamoja. Sisi tulishauri wafuge kuku.

Mwezi Mei saa ya ukutani ilisimama, fundi akaitwa. Alipomaliza, aliketi kwenye kiti cha mbao kufuta vifaa vyake. Bi Anzia, kwa mazoea, akashika kalamu na kumuuliza anafanya kazi gani. Fundi akacheka, akajibu. Akaulizwa kilichomuudhi juma lililopita. Loo, mtu mzima alifunguka: wateja wanaoleta saa iliyotumbukia ndooni na kuapa kwamba imesimama yenyewe tu. Alieleza dakika ishirini. Foleni ilifika mlangoni na hakuna aliyeguna. Kumbe miaka yote hiyo mkewe hakuwahi kumuuliza. Alidhani ya mumewe anayajua. Akauliza na la tatu. Fundi alisema anakula na mke wake, ila mke wake huwa na kitabu mezani.

Bi Anzia alikwenda rafuni. Safari hii alisita. Alirudi na cha kumi na tisa, cha mafundi wa mnara wa mfalme, ambako kila kilichovunjwa huwa kimevunjika chenyewe.

Jumatano iliyopita alichelewa kazini dakika arobaini, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alipoulizwa, alisema walikuwa wanakunywa chai, fundi akaanza kumsomea ukurasa kwa sauti, na kila akifika katikati wote wawili wanavunjika mbavu, inabidi aanze upya. Ukurasa huo Bi Anzia amekuwa nao kichwani kwa miaka ishirini. Hakumwambia.

Bi Anzia, asante kwa kila msomaji uliyemkalisha na kumsikiliza. Tunawatakia, wewe na fundi, afya njema na chai ndefu za asubuhi, pasiwe na mtu wa kuwauliza kwa nini mmechelewa.