Gari Lilikunywa Oili, Nikamfukuza Dada Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na kinywa kama hiki changu kilichomsingizia mtu!

Mimi ni Shija, wa hapa hapa Igoma, mnanijua. Shule niliishia darasa la nne. Nimeandika ushuhuda huu kwa siku tatu, kwa sababu nikisimama kusema hivi hivi tu nitaruka pale pabaya, na pale pabaya ndipo penye kazi yenyewe. Mama Mchungaji, nakuomba usianzishe wimbo hata ukiniona nalia. Niacheni nimalize.

Dada yangu Kabula mnamjua. Mama yetu alifariki mimi nikiwa wa kubebwa, na Kabula ndiye aliyenibeba. Alinifunga mgongoni akaenda kupalilia pamba za watu. Shule aliiacha kwa ajili yangu. Alipofiwa na mume wake, nilimpa chumba cha uani, akajenga tanuri la udongo kule nyuma, akawa anabanika samaki na kuwauza sokoni. Macho yake ni mekundu kwa ajili ya moshi. Narudia, ndugu zangu: kwa ajili ya moshi! Nyie mliokula samaki wake mnaujua moshi ule.

Mimi nilikuwa na pikapu. Nilibeba dagaa wakavu kutoka mialo ya wavuvi ya Sengerema, nikawaleta mjini. Lilikuwa gari la mtumba, lakini lilitulisha. Halafu likaanza kunywa oili. Asubuhi nachomoa kijiti cha kupimia, oili iko sawa. Jioni nachomoa, kijiti kikavu. Chini halivuji hata tone. Nyuma linatoa moshi wa bluu mpaka wenye baiskeli wananitukana. Nikawa natembea na galoni la oili kwenye kiti cha abiria, kama mtu anayesafiri na mgonjwa.

Wa kwanza kulisema jambo hilo alikuwa Kabula. Siku hiyo anageuza samaki, mimi namimina oili. Akacheka: "Wee Shija, hili gari lako linakunywa kumshinda marehemu baba! Litaanza lini kuimba?" Tukacheka wote, mimi na mke wangu na yeye. Utani ule ndio uliomponza.

Sasa nataja majina. Mkisema nina chuki, ni kweli ninayo, Mungu bado anaishughulikia.

Fundi Jumanne, yule mwenye gereji barabara ya Musoma, alilisikiliza gari akasema ringi za pistoni zimelika, oili inapanda juu inaungua pamoja na mafuta. Na hapo alisema kweli! Nikamwachia gari wiki nzima. Utaratibu wa gereji zetu mnaujua: fundi akibadilisha kifaa anakukabidhi kile cha zamani, uone mwenyewe kwamba hukuibiwa. Jumanne akanikabidhi mfuko. Ndani mna ringi nyeusi, zimelika kweli kweli. Nikaridhika. Mfuko nikauweka chini ya kiti kama cheti cha hospitali.

Siku ya nne kijiti kikavu. Nikarudi kwake, akamimina oili nzito zaidi. Nikarudi tena. Mwisho akanivuta pembeni, anafuta mikono kwa tambara, sauti ameishusha: "Kaka, mimi ya spana nimemaliza. Ringi za zamani si unazo mwenyewe? Hii siyo ya spana tena. Kuna mtu anainywa hiyo oili. Nenda kwa nabii."

Nikaenda kwa Nabii Elifasi, yule wa turubai. Sikumwambia mchungaji wangu, nilimwona mchungaji wangu hana nguvu. Nabii akaniuliza: "Nani wa kwanza kulitamka nyumbani kwako?" Nikasema dada yangu. "Alipolitamka alifanyaje?" Nikasema alicheka. "Macho yake yakoje?"

Ndugu zangu, mtu akikuuliza maswali matatu kwa mpangilio ule, unajiona umejibu wewe mwenyewe. Yeye hakumtaja Kabula hata mara moja. Nilimtaja mimi!

Akanipa chupa ya mafuta ya alizeti aliyoyaombea. Nikayamimine kwenye injini, akasema, anayekunywa yamkabe kooni. Nikamimina. Mafuta ya kupikia, ndugu zangu, kwenye injini! Nikafunika boneti nikasema amina.

Kisha nikaenda nyumbani. Ilikuwa Jumamosi mchana, majirani wako nje. Nikatoa godoro la Kabula nikalitupa uani. Nikatoa sufuria zake. Nikapaza sauti ili wasikie: "Wewe ndiye unayekunywa oili ya gari langu!" Alidhani namlipizia utani. Akasema, "Oili? Nikaangie nini?" Halafu akanitazama usoni, akaacha kucheka. Akaanza kuokota sufuria zake moja moja.

Watu wakajaa. Baba Nkwimba, umekaa benchi la tatu, wewe ulilivunja tanuri lake kwa jembe. Mama Sospeter, wewe ulisema macho yale ulikuwa unayatilia shaka tangu zamani. Na yule aliyeokota jiwe leo hayupo, lakini aliliokota, nami niliona jiwe mkononi mwake nikanyamaza. Mimi! Mtu niliyebebwa mgongoni kwake!

Mke wangu ndiye aliyesimama kati. Akawaambia, "Anayerusha aanze na mimi." Akamshika Kabula mkono, akampandisha bodaboda, akaondoka naye. Asifiwe Mungu kwa hilo, kwamba pale uani kwangu haikumwagika damu. Isingekuwa mwanamke yule, leo ningekuwa nawaandikia kutoka gerezani.

Kabula akavuka ziwa kwenda Sengerema, kwa binti yake. Oili je? Ikaendelea kupungua vilevile! Mwenye akili angesimama hapo, akajiuliza. Mimi nikarudi kwa nabii. Akaniambia anainywa kutoka ng'ambo. Nikaamini, ndugu zangu. Nikaamini!

Wiki ya pili nikiwa natoka Kigongo na magunia ya dagaa, injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo. Nikakanyaga mafuta nimalize mlima. Ikakata. Mkono wa pistoni ulitoboa bloku, oili iliyobaki ikamwagika kwenye lami. Wakanivuta kwa kamba mpaka Nyegezi, kwa fundi mmoja Mhaya anaitwa Rwegasira, mtu nisiyemjua wala asiyenijua.

Alipofungua, akanusa, akanigeukia: "Mzee, humu ulikuwa unakaanga maandazi?" Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikamweleza yote, nikamletea na ule mfuko kuonyesha kwamba ringi zilibadilishwa. Akachukua ringi moja, akaiweka kwenye mdomo wa silinda. Haikuingia. Akajaribu ya pili. Haikuingia. Akasema, "Hizi ni za lori, mzee. Za kwako hizi hapa." Akanionyesha pistoni zangu. Ringi za zamani ziko pale pale, zimegandiana na masizi, hakuna aliyezigusa. Jumanne alifungua mfuniko wa juu tu, akafunga, akaokota takataka za gari lingine akanipa.

"Hakuna mtu aliyeinywa oili yako," Rwegasira akasema. "Imeungua humu humu, kila siku. Na hayo mafuta ya kupikia ndiyo yaliyoizika injini."

Nikakaa juu ya tairi. Akaniuliza, "Nikutafutie injini nyingine?" Nikajifuta macho kwa shati. Wale vijana wake walidhani nalilia injini.

Nilimfuata Jumanne. Akasema labda mifuko ilichanganyika. Ilichanganyika! Anaendelea na kazi mpaka leo, redio inapiga. Kwa nabii nilikuta nguzo za turubai tu, wanasema amehamia mkoa mwingine. Hao ndio wenye makosa, nimewataja. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyelitupa godoro la Kabula. Hilo ni la kwangu, nimejaribu kulihamisha limekataa.

Nikavuka kwenda Sengerema. Nilimkuta amekaa nje, anachambua dagaa. Nikapiga magoti. "Shikamoo dada." Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, "Marahaba," kama anayemjibu mpita njia.

Nikamweleza habari ya ringi. Akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ilikuwa ringi."

"Ndiyo, dada. Ringi."

"Ina ukubwa gani hiyo ringi?"

Nikamwonyesha kwa vidole vya mikono yangu miwili. Akavitazama vidole vyangu muda mrefu sana. Ndugu zangu, sijawahi kuona aibu ya namna ile.

Akasema: "Gari lako limekufa mara moja, limepumzika. Mimi nikifika kisimani, wanawake wanabeba ndoo zao wanaondoka. Habari ilitangulia kwa simu kabla sijashuka. Binti yangu wanamwuliza kama nimeshamfundisha. Kukusamehe nimeshakusamehe, nilikulea, nitafanyaje? Lakini msamaha wangu haunifikishi sokoni. Ulinitangaza mbele ya watu. Nenda kanitangaze tena, mbele ya walewale."

Ndiyo maana nimesimama. Sikuja kuwaambia kwamba Bwana amenipa gari jingine, hakunipa. Nabeba magunia ya watu kwa mgongo wangu. Mke wangu ananipikia lakini hanisemeshi. Kuna siku naomba nasikia maneno yanarudi tu. Lakini kwa jambo moja nimefunguliwa, nalisema kwa sauti: nimefunguliwa kutoka kwenye uongo! Kabula binti wa mama yangu siyo mchawi! Hakuwahi kuwa! Hakunywa kitu cha mtu! Mimi niliyewaambia ndiye ninayewaambia, na Mungu anasikia.

Namshukuru Mungu aliyeuzuia ule mkono wenye jiwe. Namshukuru kwa fundi aliyecheka halafu akasema ukweli. Ndugu zangu, mwaminini Bwana huyu. Hana haja ya kumtoa mtu kafara ili biashara yako iende. Ukiambiwa kuna anayekula mali yako, fungua kwanza injini.

Leo siwaiti madhabahuni. Jumamosi asubuhi ninakwenda Sengerema kumchukua dada yangu, na amesema nikija peke yangu harudi. Ana haki. Atarudi vipi kwenye mtaa ambao hajui nani bado ana jiwe? Anataka kuziona nyuso zilizokuwepo siku ile, mchana, nyumbani kwa binti yake, majirani wa kule wakitazama. Nyuso hizo ziko humu ndani, nyingine zinatazama sakafu.

Baba Nkwimba. Mama Sospeter. Na wewe uliyesimama tu ukaangalia.

Anayekuja anyooshe mkono nimwandike, maana Kabula ataniuliza majina. Nimemaliza. Nasubiri mikono.