Glavu za Chomba Zilizotoka Ulaya

Kwenye kona yetu ya Hewa Bora, mbele ya kibanda cha Shafi fundi cherehani, kuna benchi lenye msumari unaochana suruali za watu. Tumemwomba Shafi augonge, lakini nani atachinja mbuzi anayemkamua? Hapo ndipo Amadi anapotumiminia kahawa yake ya tangawizi. Hapo pia ndipo Nono, tunayemwita Bourgmestre, yaani meya, ingawa hata kamati ya kwaya ilimkataa, anapotoa hukumu juu ya kila jambo chini ya jua. Shafi naye tunamwita Douane, yaani forodha, kwa kuwa machoni pake kila kitu ni cha magendo. Asubuhi ile Donat, kijana wa mtaa wetu, alifika na boksi mikononi, meno yote nje. Jumamosi anapeleka mahari kwa kina Keren, mchumba wake, na baba yake Keren, mzee Ruben aliyestaafu reli, alikuwa ameomba kitu kimoja zaidi ya desturi: glavu zenye saini ya Chomba, kipa wa enzi za ujana wake. Bila glavu hizo, mzee alisema, wasijisumbue kuja. Donat alizipata kwenye simu, kwa watu wa Ulaya, na cheti juu.

— Muangalie, bandugu, Donat alisema. Gants ya Chomba, ya kweli kabisa. Na certificat d'authenticité! Iko na numéro, iko na cachet ya dhahabu.

Shafi alivaa miwani yake ya kushonea, akauinamia muhuri ule, kisha picha iliyokuwa pembeni yake.

— Na iyi photo?

— Njo Chomba anasaini.

— Mi naona mukono. Mukono na kalamu ya bic. Kichwa iko wapi?

— Ba Bulaya banapiga photo ya mukono tu, juu mukono njo inasaini.

— Donat, mutoto yangu, ata passeport banaomba kichwa. Bankambo balisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Iyi baliifabriquer.

Bourgmestre aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, jua hukumu inakuja.

— Douane, wacha kutisha bwana arusi. Iyi karatasi iko na cachet ama haina?

— Iko nayo.

— Basi, imeisha. Mu iyi inchi, muntu bila cachet ata hajazaliwa. Mama alinizala, ndiyo, lakini nilianza kuwa muntu siku balinipigia cachet.

— Lakini Chomba iko Kasomeno, anauzisha samaki, kila muntu anajua! Ku Bulaya alisaini na mukono ya nani?

Nilimwona Donat analifuta boksi kwa mkono wa shati, nikamwonea huruma kwelikweli. Kijana hajawahi kumpenda mtu kama anavyompenda Keren, na sisi tulikuwa tunaichezea ndoa yake kama karata.

— Pengine aliuzisha signature, Bourgmestre alisema. Ba Bulaya bananunua kila kitu. Sasa ni yabo. Ata ku ubatizo ya mujukuu yake, Chomba hana tena ruhusa ya kusaini. Anaweka kidole.

— Ama ni mashini, Shafi alisema. Mashini ya mikono mingi, kila mukono ni ya staa moja. Unafinya bouton, mukono ya Chomba inaamuka, zingine zinalala.

— Ata kama! Mutoto ya nyoka ni nyoka. Kopi ya signature, ni signature.

— Tuipime. Wino ya kweli haiogopake tangawizi.

Kabla hatujaelewa, Shafi alikuwa ameshachovya kidole kwenye kahawa na kukipeleka kwenye glavu. Donat alipiga ukelele, akaruka na boksi kifuani, na msumari ukaichana suruali yake mpaka gotini. Shafi aliuangalia mpasuko ule kwa jicho la kazi.

— Usihuzunike, ntakushonea.

— Mi sasa naanza kuona, Bourgmestre alisema taratibu. Tunauliza mubaya. Tunauliza kama gants ni ya kweli. Tuulize kwanza kama ule muzee wa Kasomeno ni Chomba ya kweli.

— Hein?

— Ule wa samaki, iko na certificat?

Shafi alifikiri sana.

— Hana.

— Gants iko nayo. Sasa nani njo wa feki?

Amadi, ambaye kwa kawaida huongea na birika lake tu, aliinua kichwa.

— Ule muzee mi namujua. Anachechemea, juu ya goti alivunja mu match.

— Ata feki inaweza kuchechemea, Amadi. Samaki mumoja akioza, bote banaoza.

Hatukuona samaki wanaingiaje hapo, isipokuwa kwamba mzee anawauza, lakini ilivyosemwa ilikuwa nzito. Tukakubaliana sote kwamba Chomba wa Kasomeno ana mashaka. Donat akaanza kutabasamu tena. Ndipo Keren akatokea, na kitambaa chake cha Jumamosi kwapani, cha kushonwa na Shafi.

— Bonjour ba papa.

Tulimsogezea nafasi, akakataa. Alizitoa glavu, akazipapasa, akamwangalia Donat kwa upole.

— Ni mizuri, Donat. Lakini baba akikuuliza Chomba alikuambia nini wakati anasaini, utajibu nini?

Donat alimgeukia Bourgmestre. Bourgmestre aliichukua karatasi ya cheti, akaigeuza mbele na nyuma.

— Aha... apa habakuandika.

— Baba na Chomba balikomaa mu camp moja ya reli, Keren alisema. Chomba alikuwa kama ndugu yake. Miguu ya baba haimufikishe tena kule, na anasikia haya kusema. Anatafuta muntu wa kumuletea habari: alikupokea je, bado anachekaka, alimuulizia ama alimusahau. Sasa utamuambia nini?

Shafi alivua miwani. Amadi alitikisa birika, halikuwa na kitu. Mimi niliona aibu mpaka masikioni.

— Amadi, Donat alisema mwishowe, gari ya Kasomeno banaipandia wapi?

Hakungoja hata aelekezwe vizuri. Alizitia glavu kwapani, akamshika Keren mkono, wakashika njia. Walikuwa wameshafika mbali kidogo Bourgmestre alipogundua kwamba karatasi imebaki mkononi mwake. Alisimama juu ya benchi, akaipunga hewani.

— Donat! Weee, Donat! Unasahau certificat! Chomba atajua je kama ni yeye?